Kilio cha Méthode

Buyenzi, Bujumbura
14 Januari 2001

Kaka Zénon,

Pokea salamu zangu, na za Mama Sijaona mwenye nyumba wangu, anayesema kwamba hata kama wewe ni mtu wa kanisani na yeye ni mtu wa msikitini, dua anakuombea tu. Sisi tuko, kwa neema. Malaria imeshika mji mzima. Kila ua una mtu aliyejifunika blanketi huku jua linawaka. Mimi ilinipitia wakati wa Noeli, nikapona. Wifi Adélaïde hajambo? Na Darius, meno yametoka yote au bado anakula kama mzee?

Sasa jambo lenyewe. Zahanati ya kanisa letu kule Kamenge inaanzisha mafunzo ya laboratwari, miaka miwili, kwa sababu wagonjwa ni wengi na wa kupima damu hawapo. Kuna nafasi chache za bure kwa wajane. Pasta Bahizire alikuja hapa, akanywa chai yake yote, halafu akasema, "Dévote, we ulifika darasa ya kumi, Kifaransa unajua. Mi naweka jina yako."

Nikamjibu, "Pasta, mi si mujane."

Akaangalia kikombe kitupu. Nimechoka na namna watu wanavyokwepa macho yangu nikisema hivyo, Kaka. Wewe hukuwepo ule mwezi wa sita wa 1995, ulikuwa umeshavukia Tanzania. Kamenge yote ilikuwa inakimbia vita. Mume wangu Méthode alinifikisha kwenye mlango huu wa Mama Sijaona, akanishika bega: "We usitoke apa. Mi narudi kuchukua mujomba, nakuja." Mjomba wake, Mzee Musafiri, alijitokeza mwenyewe kesho yake, mzima. Méthode hakuja.

Tangu hapo sijalala nje ya ua huu hata mara moja. Jioni haijawahi kunikuta sokoni. Akija akakuta mlango umefungwa atafikiri nini? Na mafunzo hayo ni mchana kutwa mpaka jioni.

Wanawake wa kwaya wameshasikia. Mmoja alisema mbele yangu, "Dévote anajifanya. Mutu wa miaka yake arudie shule kama mutoto?" Nilicheka nao, lakini iliniuma. Labda kweli ninajifanya. Nilimwambia Pasta nitaomba. Kusema ukweli sijaomba, naogopa kujibiwa.

Niandikie. Na kama kawaida, niambie kama kuna mtu huko kwenye kambi za wakimbizi amemwona Méthode.

Mdogo wako,
Dévote


Kigoma
25 Februari 2001

Mdogo wangu Dévote,

Barua yako imenifikia ikiwa imekunjwa ndani ya kiatu cha mtu, kwa hiyo kama nimeelewa vibaya usinilaumu mimi, laumu mguu wake. Sisi wazima. Darius ana meno yote na anayatumia kuniuma. Adélaïde anakusalimu, anasema kitenge ulichomtumia kimemfanya agombane na majirani wawili. Mvua zinanyesha, na mvua ikinyesha viatu vinaachia, kwa hiyo fundi viatu hawezi kulalamika.

Kuhusu hayo masomo. Dévote, nenda.

Nakujua. Utasema kanisani kuna wenye shida kuliko wewe. Utasema Mungu hapendi watu wa kujiangalia. Tangu tukiwa wadogo umekuwa hivyo. Mama akikupa ndizi, unaigawa mpaka unabaki na ganda, halafu unashukuru kwa ganda. Umewalea watoto wa watu, umewaosha wagonjwa, umetoa zaka ya kila kitu. Vizuri. Lakini siku utakaposimama mbele ya Bwana, sidhani atakuuliza habari za watoto wa jirani peke yao. Nafikiri atakuuliza, "Na Dévote niliyekupa, ulimfanyia nini?" Utamjibu kwamba ulimweka uani?

Huyo wa kwaya anayesema unajifanya, mimi namuunga mkono. Jifanye! Mungu alikufanya mara moja, akakupa kichwa kizuri na mikono mizuri, sehemu iliyobaki amekuachia wewe mwenyewe. Usipojifanya wewe atakufanya nani? Mimi niko mbali. Wazazi wamelala. Na wengine nao wana maisha yao.

Usingoje mtu, mdogo wangu. Nakuomba kama kaka yako. Nenda ukamwambie Pasta ndiyo kabla hajabadilisha mawazo.

Naishia hapa, mtu anasubiri kiatu.

Kaka yako,
Zénon


Buyenzi
2 Aprili 2001

Kaka Zénon,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Barua yako ilichelewa kwa sababu ya vita ya Kinama. Watu walikimbilia hadi huku, uani kwetu tulilaza familia tatu, na Mama Sijaona alipika kwa sufuria ya harusi. Sasa wengi wamerudi kwenye nyumba zao, wale ambao bado wana nyumba. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako mpaka nimeijua kwa moyo. Miaka yote hii, kabla ya kufunga barua huwa unaandika mstari mmoja: Kuhusu Méthode, bado. Nilikuwa nauchukia mstari ule. Kila mara ninaanza kusoma kutoka chini, niumalize kwanza, ndipo nipande kwenye salamu. Safari hii haupo. Niligeuza karatasi nyuma. Niliangalia ndani ya bahasha.

Halafu nikaelewa. Kwetu kifo hakiandikwi kwenye karatasi. Baba alipofariki uliandikiwa tu urudi nyumbani, na wewe ukalia kabla hujapanda gari. Nimekuelewa, Kaka. Asante kwa kunionea huruma. Sasa najua kwa nini uliandika nisingoje mtu.

Siku ile sikulia. Nilichukua nguo safi nikazifua. Mama Sijaona akanikuta, akaangalia lile beseni, akasema, "Mwanangu, umepata abari." Hapo ndipo nililia, na bado ninalia, hata kwaya nimeiacha kwanza kwa sababu sauti haitoki.

Nimezungumza na Mzee Musafiri. Bado ni mlinzi kule Kibenga, anatembea kwa fimbo. Tumekubaliana tumwondolee Méthode kilio, tufanye levée de deuil, sherehe ya kumaliza matanga, kama watu, ingawa kaburi hatuna. Ni Jumamosi tarehe 9 Juni. Lakini wewe ndiye mkubwa wetu. Naomba uandike neno la familia lisomwe mbele ya wageni: kwamba Méthode amelala, na kwamba mmeniachilia niendelee na maisha. Bila neno lako sijui kama mdomo wangu utaweza.

Pasta ameandika jina langu. Tunaanza mwezi wa saba. Nimeomba kweli safari hii, na kwa mara ya kwanza sikumwomba Mungu amrudishe mtu. Nilimwomba anipe nguvu ya kujitunza mimi. Niliona aibu kuomba hivyo, nikaangalia kama kuna mtu ananisikia.

Mdogo wako,
Dévote


Kigoma
20 Mei 2001

Dévote, mdogo wangu,

Sisi wazima. Nisamehe, leo sijui kusalimu vizuri. Barua hii nimeianza na kuichana mpaka Adélaïde akanificha karatasi.

Méthode hakufa. Yuko hai.

Mwezi wa pili, barua yako ya Januari ikiwa mfukoni mwangu bado haijajibiwa, mtu aliinama kwenye kibanda changu sokoni akanipa kiatu cha mtoto kishonwe. Nilianza kushona. Nilipoinua kichwa kumwambia kiko tayari, nikamwona. Yeye alikuwa ameshaniona zamani, alishindwa tu kukimbia kwa sababu kiatu kilikuwa mkononi mwangu.

Anaishi kambini, kule Kasulu. Ana mwanamke na mtoto wa kike anayeanza kutembea. Aliniambia, "Zénon, mi nilijua Dévote alikufa." Nikamuuliza, "Ulimutafuta?" Akaangalia chini. Sitaki kukuficha tena chochote: aliangalia chini, akahesabu pesa za kiatu. Akaniomba nisikuambie.

Mimi nikakaa kimya. Si kwa ajili yake. Nilitaka uende shule kwanza. Nilitaka uwe na kitu mkononi kabla sijakunyang'anya kile kingine. Nilidhani nina akili. Sikufikiri kwamba utausoma ukimya wangu kama kifo, na nilipaswa kufikiri, maana tumelelewa na mama mmoja.

Simamisha kilio, nakuomba. Neno ulilotaka siwezi kuliandika. Nitamlazaje mtu ambaye nimemshonea mtoto wake kiatu?

Juzi amerudi. Safari hii anataka anwani yako, anasema atakuandikia mwenyewe akueleze. Sijampa. Nimpe?

Hii barua namkabidhi Hamissi wa dagaa, anapanda boti kesho. Ameapa itakufika kabla ya tarehe 9. Nichukie, una haki. Lakini shule usiiache.

Zénon


Buyenzi
11 Juni 2001

Kaka Zénon,

Salamu. Neno lako halikufika. Jumamosi tulichelewesha kuanza, nikawa natoka barabarani kila nikisikia pikipiki, mpaka Pasta akasema wageni wana watoto nyumbani, tuanze. Sikulaumu. Njia ni mbaya na ziwa nalo wanajeshi hulifunga wanavyotaka. Nakueleza yote ili uone kama ulikuwepo.

Watu walijaa. Mama Sijaona alipika pilau, akatandika mikeka mpaka nje ya lango. Sisi wa kanisani tulikunywa Fanta, na wajomba wa Kibenga walijifanya wanakunywa Fanta. Picha yake ilikuwa ile ndogo ya kitambulisho, tuliiegemeza kwenye glasi.

Mzee Musafiri alisimama kwa fimbo yake. Aliuliza kama desturi inavyotaka: "Kama kuna mutu alikuwa na neno na Méthode, aseme leo, kesho neno zimeisha." Hakuna aliyedai kitu. Halafu akajaribu kuendelea, akashindwa. Kaka, mzee yule alilia mpaka fimbo ikaanguka. Alikuwa anasema, "Alinirudilia mi. Alikufa sababu ya mi." Miaka yote hii alikuwa amebeba hilo, na mimi sikujua, nilikuwa nimejaa la kwangu.

Kwa kuwa neno lako halikuwepo, ilibidi niseme mwenyewe. Nilisimama. Nilisema, "Mume wangu Méthode amelala. Namrudisha kwa Mungu aliyenipa." Sauti ilitoka. Pasta akaniwekea mkono kichwani, akaomba, akasema mbele ya wote kwamba Dévote yuko huru, na kwamba kujitunza si kumsaliti marehemu. Hata yule wa kwaya alikuja kunishika mkono.

Nilipolala usiku ule nililala usingizi wa kweli. Niliamka jua liko juu. Moyo unauma, sitaki kukudanganya, lakini sasa unauma kama kidonda kilichooshwa. Nimenunua daftari na kalamu. Jumatatu tarehe 2 Julai naanza.

Mdogo wako,
Dévote


Kigoma
3 Julai 2001

Dévote,

Yako ya tarehe 11 nimeipata leo asubuhi. Nimefunga kibanda.

Nasikia Hamissi aliugua njiani, akakwama Rumonge wiki tano. Kama amekuletea barua yangu na bado hujaifungua, usiifungue. Ichome. Mpe Mama Sijaona awashie moto. Sema haikufika, na mimi nitasema sikuandika.

Kama umeshaisoma, niandikie hata mstari mmoja. Hata tusi.

Zénon


Buyenzi
8 Agosti 2001

Kaka Zénon,

Salamu kwako, kwa Wifi, na kwa Darius. Mama Sijaona anakusalimu, ingawa amekukasirikia na amesema niandike hivyo.

Kabarua kako ka kuchoma kalinikuta nimeshasoma. Hamissi alifika tarehe 28 Juni, amekonda, akaniomba msamaha kwa kuchelewa. Nikampa chai. Nilifungua bahasha nikiwa nimesimama mlangoni, nikitafuta lile neno la familia nililokuomba.

Uliniomba hata tusi. Nilikuwa nayo mengi, yameisha. Nilikasirika zaidi kwamba maneno yale mazuri, ya Bwana kuniuliza habari za Dévote, uliyaandika huku unajua. Nilitaka kuyafuta moyoni mwangu. Hayakufutika. Nimefika mahali pa kukubali kwamba yalikuwa ya kweli hata kama aliyeyaandika alikuwa anaficha kitu. Lakini usinifiche tena. Mimi si mtoto wa kutafuniwa.

Jambo gumu lilikuwa Mzee Musafiri. Nilikwenda Kibenga kwa mguu. Nilidhani atafurahi kwamba damu ya mpwa wake haiko juu yake. Alisikiliza, akaniambia, "Alijua mi niko muzima?" Nikasema sijui. Akasema, "Angeuliza." Tulikaa pale kwenye lango la matajiri, mimi na yeye, mpaka mwenye nyumba akapiga honi afunguliwe.

Kisha nikaenda kwa Pasta Bahizire. Ningeweza kunyamaza, Kaka. Nilifikiria sana kunyamaza. Watu wote walikuwa wameshakula pilau, mimi nilikuwa mjane kwa macho yao. Lakini nafasi ile ilikuwa ya wajane, na mimi nina mume, tena ana afya na mtoto. Sikutaka kuanza kujifanya kwa kudanganya. Nikamwambia yote. Pasta alivua miwani akaifuta, akavaa, akavua tena. Akasema, "Dévote, ile nafasi mi siwezi kukuachia." Nikamwambia ndiyo maana nimekuja. Kesho yake alimpa Nella, ambaye mume wake aliuawa na mwili ukaonekana, na ana watoto wanne. Alistahili. Nilirudi nyumbani nikalala chini, si kitandani, chini, na nikamuuliza Mungu kama anacheka. Aliniona nikijikokota mpaka mlangoni, halafu akaufunga. Nilisema naye vibaya siku ile. Nafikiri amezoea.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuandikia. Baiskeli ya Méthode nilikuwa nayo. Aliiacha hapa siku ile, na miaka yote hii nimeipaka mafuta kila Jumamosi, sikumwazima mtu. Watoto wa Mama Sijaona walikatazwa hata kuigusa kengele. Jumapili baada ya ibada niliisukuma mpaka kwa Tajudini fundi, mtaa wa pili. Aliizunguka akasema, "Mama, hii ni mupya. Unauzisha kwa nini?" Nikasema, "Nataka kujisomesha." Neno hilo sikuwahi kulisema juu yangu. Nimesomesha watoto wa jirani kwa vibarua vyangu, nimesomesha watoto wa dada zetu wa kanisani. Kujisomesha, hapana. Midomo ilikuwa haijui njia.

Zahanati inapokea pia wanaojilipia. Pesa ya baiskeli ilinitosha kuanza. Ya mwaka wa pili sijui itatoka wapi, na sitaki uitume wewe.

Nilianza nikiwa nimechelewa siku moja. Mwalimu wetu ni mama mfupi mkali. Alinikalisha mbele ya mikroskopu, akaweka tone la damu ya mgonjwa, akasema, "Unaona nini?" Niliona ukungu tu. Nikasema mashine ni mbovu. Akaangalia yeye, akasema mashine ni nzima. Nikaangalia tena, ukungu. Darasa zima linanisubiri. Ndipo akaniinamia akanishika kidevu, akaona, akasema polepole wengine wasisikie, "Futa macho kwanza, mama."

Nilifuta. Niliangalia. Kaka, vimo kweli, vile vidudu vya malaria, vidogo vimejikunja ndani ya damu ya mtu. Nimeviona mwenyewe.

Bado ninalia. Nalia njiani kwenda, kwenye basi, ili nikifika niwe nimemaliza. Sijui nimlilie mume aliyekufa au aliye hai, wote wawili wananijia. Pasta anasema mambo ya ndoa yatasubiri, kwanza nisome. Safari hii tumekubaliana.

Uliniuliza kama umpe anwani yangu. Nimeomba juu ya hilo siku nyingi. Usimpe. Kiatu cha mtoto kikiachia tena, kishone vizuri, mtoto hana kosa. Na akikuuliza Dévote anafanya nini siku hizi, mwambie anasoma.

Mdogo wako,
Dévote